Mtihani Upime Elimu, Usipime Macho

Kila mwanafunzi aliyeingia katika maabara ya fizikia amefundishwa kwamba, kabla ya kuitumia amita, sharti atazame kama mshale umesimama kwenye sifuri. Usiposimama hapo, kosa hilo hurekebishwa katika kila kipimo. Afanyaye hivyo haupendelei mkondo wa umeme, anatafuta ukweli. Mtihani nao ni kipimo, na nafuu wanazopewa watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu yafaa zichukuliwe kwa maana hiyo. Si huruma, bali ni masahihisho ya kipimo.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu. Aidha, kwa utaratibu uliotangazwa katika miaka ya karibuni, watahiniwa hao huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hivyo mtihani wa Hisabati wa saa 3 huwa wa saa 4, na ule wa Historia huwa wa saa 3 na nusu.

Nyongeza hiyo ina msingi wa kimaumbile. Katika nukta nundu, maandishi ambayo Mfaransa Louis Braille aliyachapisha mwaka 1829, kila alama hujengwa kwa nukta zisizozidi 6, zilizoachana kwa takriban milimita 2.5. Jicho hunasa herufi kadhaa kwa mtazamo mmoja. Ncha ya kidole hupapasa herufi moja baada ya nyingine. Tena jicho hurudi mara moja kwenye tarakimu iliyosahaulika, hali kidole hulazimika kuitafuta upya.

Kwa sababu hiyo hiyo, naona utaratibu huu una upungufu. Fizikia na Kemia zimejaa hesabu, majedwali na michoro, lakini zimo katika kundi la masomo mengine. Mtahiniwa akokotoaye mwendokasi au uzito wa dutu hufanya kazi ya Hisabati kwa nusu ya nyongeza. Masomo hayo nayo yastahili dakika 20. Adhaniaye kwamba sayansi si ya wasioona na amkumbuke Lev Pontryagin (1908–1988) wa Umoja wa Kisovieti, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka 14, akasomewa vitabu na mama yake, akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20.

Hata hivyo, dakika za nyongeza hazimfai mtu asiyejulikana. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, shule zimeenea katika kata nyingi za vijijini. Katika kata kama Chole, wilayani Kisarawe, yamkini mwalimu asikutane na mwanafunzi asiyeona kabisa, bali mwenye uoni hafifu, kwa mfano mwenye ualbino. Katika hali hiyo, sehemu ya retina itambuayo vitu vidogo haikukomaa, macho huchezacheza, na miwani husaidia kwa kiasi tu. Kijana huyo hutembea bila fimbo na hucheza na wenzake, hivyo ni rahisi kudhaniwa mvivu wa kusoma. Hali yake isipoelezwa mapema na shule, ataletewa karatasi ya maandishi madogo kama wengine.

Basi walimu wachunguze tangu Kidato cha Kwanza: ni nani asogezaye daftari hadi puani, na ni nani anakiliye kutoka kwa jirani badala ya ubaoni. Mitihani ya muhula nayo iandikwe kwa herufi kubwa na kuongezewa muda, na dakika anazotumia mwanafunzi ziwekwe katika kumbukumbu, ili mjadala wa nyongeza uamuliwe kwa vipimo. Nanyi wanafunzi, msomeeni mwenzenu yaliyoandikwa ubaoni. Kazi hiyo haingoji waraka wala fedha.