Mtandao unasumbua? Nani kasema?

Leo nataka kuwasema waandishi wenzangu, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Usiku mmoja wa mvua kubwa hapa Dar, tovuti yetu ya habari iligoma kufunguka. Barabara zimejaa maji, watu wanataka kujua wapite wapi, na sisi hatupatikani. Mhariri akaniagiza niandike kwenye ukurasa wetu wa Facebook kwamba tunaomba radhi, kampuni ya intaneti ina tatizo. Nikaandika. Wala sikumuuliza amejuaje.

Fundi wetu wa kompyuta alikuwa msibani Songea. Nikampigia, nikampa pole kwanza, kisha nikamweleza. Akaniambia, "Mdogo wangu, fungua lile dirisha jeusi."

Nikaandika ping na jina la seva. Majibu yakaanza kurudi, moja kila sekunde. Maana yake njia ipo na seva iko hai. (Isipojibu, usikimbilie kuhukumu. Seva nyingine zimezuiwa zisijibu ping.) Akanipa nywila, nikaingia kwa ssh, nikaandika df -h kama alivyonielekeza. Asilimia 100. Diski imejaa! Faili moja la kumbukumbu, ambamo seva huandika kila anayeitembelea, lilikuwa limevimba kwa miezi bila mtu kulitazama, na hifadhidata ikakosa pa kuandika hata herufi moja.

Nilitaka kulifuta kwa rm, akanipigia kelele. Kumbe ukifuta faili wakati programu bado imelishika, jina linapotea lakini nafasi hairudi mpaka programu hiyo ifungwe. Tukamwaga yaliyomo tu, tukaiwasha upya hifadhidata, tovuti ikarudi. Hata robo saa haikuisha. (Najua, nywila haitajwi kwenye simu. Aliibadilisha kesho yake.)

Basi kampuni ya intaneti haikuwa na kosa lolote. Sisi ndio tuliowasingizia, tena kwa jina la gazeti. Jamani, tungemwandika waziri namna hiyo bila hata kumpigia simu?

Wenzangu wananiambia hiyo ni kazi ya mafundi. Sikubaliani nao. Kutengeneza ni kazi ya fundi, kuuliza ni kazi yetu. Ping iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, na leo imo kwenye kompyuta hiyo hiyo unayochapia habari, bure. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, mtandao ulisumbua kweli Tanzania na kwa majirani. Siku kama ile unaandika traceroute (kwenye Windows ni tracert) na anwani ya tovuti ya nje, unaona kituo baada ya kituo mahali majibu yanapoanza kuchelewa au kukatika. Si ushahidi kamili, lakini unapompigia msemaji wa kampuni, una swali la maana la kumuuliza.

Nimemwomba mhariri niwe na akaunti yangu kwenye seva, ya kutazama tu, isiyo na ruhusa ya kufuta kitu. Hajanijibu. Na ile taarifa ya kuomba radhi bado iko pale pale Facebook, haijasahihishwa.