Safari ya uvuvi ianze mtoni, si hotelini

Laare, katika kaunti ya Meru, ni mji wa miraa, na kila mkazi wa Igembe anajua gharama ya kutegemea zao moja. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, kisha Somalia ikafunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Mara zote tatu uamuzi ulifanywa mbali na shamba, na aliyeumia alikuwa mkulima, mchumaji, mfungaji mabunda na kijana anayepakia gari. Mei 2024 ilikuwa zamu ya Embu, pale serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza kuizuia muguka, jamii ya miraa, na wakulima wa Mbeere wakaonja hofu ile ile. Ndiyo maana naunga mkono wanaosema kwamba eneo hili litafute njia nyingine za kuingiza pesa, ukiwemo utalii wa uvuvi wa ndoano katika mito yetu chini ya waongozaji wenye ujuzi. Lakini naunga mkono kwa sharti moja: safari hizo zipangwe kuanzia mtoni. Hali ya maji iangaliwe kwanza, mwongozaji wa kingo za mto awe wa pili, na mgeni awe wa tatu. Mpangilio huo ukigeuzwa, tutakuwa tumeuza mto kwa bei ya kitanda cha hoteli.

Rasilimali ipo, na ina historia ndefu. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, Ewart Grogan alipowaingiza katika mto Gura, upande wa Aberdare. Baadaye walisambazwa katika mito baridi ya Mlima Kenya, na kituo cha Kiganjo kikawa chimbuko la vifaranga wa kujazia mito. Upande wetu wa mlima wamezoeleka katika mikondo ya juu ya Kathita, Mutonga, Nithi, Thuci na Rupingazi, na katika maziwa madogo ya juu kama Ellis, kwenye njia ya Chogoria. Ziwa Rutundu, ndani ya Meru, lilitajwa duniani kote mwaka 2010 baada ya mwanamfalme William wa Uingereza na mchumba wake kulala katika vibanda vyake vya mbao wakati wa safari yao ya uchumba. Laare yenyewe haiko kando ya mto wa trauti. Imekaa mgongoni mwa Nyambene, ambako chemchemi hulisha Ura na mito mingine inayoteremka kwenye joto la Mbuga ya Meru na kuishia Tana. Kwa hiyo kijana wa Laare anayetaka kazi hii ana maji ya aina mbili mbele yake: maji baridi ya mlima upande wa magharibi, na maji ya joto ya nyanda za chini, makao ya kambare na perege.

Lazima kwanza tuelewe samaki anataka nini, kwa sababu mpango wote unatokana na hapo. Trauti hustawi katika maji yasiyozidi nyuzijoto 20 hivi, yenye hewa nyingi na yanayopita juu ya changarawe safi, kwani mayai yake hutagwa na kuanguliwa kati ya mawe hayo. Udongo ukiporomoka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni, tope hujaza nafasi kati ya mawe na mayai hukosa hewa. Mabomba yakinyonya mto kupita kiasi wakati wa kiangazi, maji yanayobaki hupata joto na samaki hufa au kupanda juu zaidi. Dawa ya kunyunyizia mimea ikioshwa na mvua hadi mtoni, wadudu wa majini ambao ndio chakula chake huangamia kwanza. Wengi hulaumu kuyeyuka kwa theluji ya Mlima Kenya, na ni kweli barafu hiyo imepungua mno, lakini sehemu kubwa ya maji ya mito yetu hutokana na mvua inayohifadhiwa na msitu na udongo wake. Maana yake ni kwamba hatima ya mto iko mikononi mwetu zaidi ya tunavyopenda kukiri. Kanuni za mazingira tayari zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto uachwe bila kuvurugwa. Tembea ukingo wa karibu mto wowote unaopita kati ya mashamba na utaona kama kanuni hiyo inaheshimiwa.

Sasa tazama jinsi safari za kitalii zinavyopangwa kwa kawaida. Wakala aliye mjini hupokea tarehe kutoka kwa mgeni, hutafuta chumba, hukodi gari, na mwisho kabisa humpigia simu mtu wa huku amtafutie kijana wa kumwonyesha mto. Mto wenyewe haukuulizwa lolote. Iwapo tarehe hizo ziliangukia Aprili au Novemba, mvua za masika au za vuli zimeyageuza maji kuwa rangi ya chai ya maziwa na mgeni harushi mshipi hata mara moja. Zikiangukia mwisho wa kiangazi kikali, mto umepungua kiasi kwamba samaki amechoka kabla hajaguswa. Anayepanga kwa busara huanza na kalenda ya mvua, akijua kwamba maji hutulia na kuwa meupe zaidi kati ya Januari na mapema Machi, na tena kati ya Juni na Septemba. Kisha huuliza kina na joto la maji wiki hiyo, idadi ya fimbo ambazo kipande hicho cha mto kinaweza kustahimili, na ni sehemu gani iliyovuliwa karibuni inayohitaji kupumzishwa. Chumba na gari hufuata baada ya majibu hayo.

Anayeweza kuyajibu ni mtu anayeishi pale. Hapo ndipo ninapotaka mwongozaji wa ukingoni apewe mamlaka ya kweli, yakiwemo mamlaka ya kusema "leo hapana" na mgeni kurejeshewa pesa zake au kupelekwa kwingine. Hili ni suala la uhifadhi na la uhai wa watu. Mvua inayonyesha juu mlimani inaweza kuujaza mto ghafla huku chini jua likiwaka, na msituni kuna ndovu na nyati. Huku chini, kando ya Tana na vijito vyake, kuna mamba na viboko, na ndani ya mbuga hakuna anayepaswa kutia ndoano majini bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mwongozaji aliyeletwa kutoka mbali na anayelipwa kwa kumfurahisha mgeni atashawishika kuvuka mto uliojaa. Aliyezaliwa pale, ambaye jina lake na kazi yake ya kesho vinategemea mto huo, ana sababu zote za kusubiri. Mlima Kenya una waongozaji na wapagazi wenye uzoefu wa miaka mingi wa kupandisha wageni kupitia Chogoria, Sirimon na Naro Moru, kwa hiyo msingi wa taaluma hii haujengwi upya. Kinachohitajika ni kuongeza mafunzo ya huduma ya kwanza, utambuzi wa samaki na namna ya kumshika samaki kwa mikono iliyolowa na kumrudisha majini haraka, pamoja na daftari la kumbukumbu.

Daftari hilo nalitilia mkazo. Mwongozaji akiandika kila safari joto la maji, kina, idadi na urefu wa samaki, baada ya misimu michache kaunti itakuwa na takwimu za mito ambazo leo ni vigumu kuzipata. Chukua mfano wa mkunga wa maji baridi, samaki ambaye huzaliwa baharini na kupanda Tana akiwa mchanga. Kwa mito ya Embu kama Rupingazi, njia yake ya kupanda imezibwa na msururu wa mabwawa ya umeme ulioanza na Kindaruma mwaka 1968. Kathita na Mutonga, zinazoingia Tana chini ya mabwawa hayo, hazina kizuizi hicho. Mikunga wangapi bado wanapanda? Watu wanaokaa mtoni mwaka mzima wakiandika wanachokiona ndio wanaoweza kutuambia, na kwa gharama ndogo.

Afrika Mashariki tayari ina mifano ya uvuvi wa namna hii. Nchini Tanzania, mito ya Mnyera na Ruhudji katika bonde la Kilombero huvutia wageni wanaolipa pesa nyingi kuvua kibebe na kumrudisha majini, na safari hizo hufuata kiangazi wakati maji yameshuka. Nchini Uganda, Mamlaka ya Wanyamapori hutoza kibali cha uvuvi wa burudani katika Murchison Falls, ambako wageni hufuata sangara wa mto Nile. Kote kuwili mto ndio unaoamua msimu, na idadi ya wavuvi ina mpaka. Sisemi Meru na Embu zitashindana na Kilombero kwa ukubwa wa samaki. Nasema kwamba mgeni hulipa zaidi pale anapojua mto haujasongamana na samaki hawajamalizwa.

Kuna wanaosema huu ni mchezo wa wakoloni usio na faida kwa Mmeru au Mwembu, na kwamba kumnasa samaki kisha kumwachilia ni kuchezea chakula mbele ya watu wenye njaa. Pingamizi hili lina uzito. Ni kweli trauti waliletwa kwa starehe ya walowezi. Lakini chai na kahawa nazo ziliingia katika milima hii enzi za ukoloni, na leo ndizo zinazolipa karo za watoto wetu. Cha kuuliza ni nani anayenufaika sasa. Kuhusu kumwachilia samaki, sioni haja ya sheria kali ya aina moja. Mahali ambapo samaki ni wengi, mgeni aruhusiwe kuchukua wachache wa kula. Mahali ambapo ni wachache, arudishe wote, na atumie ndoano isiyo na miba ili majeraha yapungue. Samaki mmoja akiliwa huishia kwenye sahani moja. Akibaki mtoni anaweza kuwaleta wageni kadhaa wanaolipa mwongozaji, mpishi na mwenye punda wa kubeba mizigo.

Wanaikolojia wana pingamizi zito zaidi: trauti ni mgeni, na katika nchi nyingi alikopelekwa amewala wadudu, vyura na samaki wadogo wa asili. Wana haki. Jibu langu ni kwamba mpango huu usiwe kisingizio cha kumwaga vifaranga katika vijito ambavyo havijawahi kuwa na trauti. Tuishie katika mito ambako amekaa kwa miongo mingi, na katika maji ya joto tuwape thamani samaki wa asili. Chemchemi za Nyambene zisiguswe kabisa kwa ajili hii. Kijana wa Laare aliyefundishwa kumwonyesha mgeni kambare wa nyanda za chini amefanya kazi ya heshima sawa na ya mwenzake aliye juu mlimani.

Pingamizi la mwisho ni la mkulima anayeuliza kwa nini maji yaachwe mtoni kwa ajili ya samaki wakati mimea yake inakauka. Uvuvi wa ndoano haunywi hata lita moja ya maji. Unachodai ni kiwango cha chini kisichokatika, na kiwango hicho ndicho kinachomfikia pia mama wa Tharaka anayechota huko chini. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeweka akiba kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mto, na akiba hiyo hutangulia umwagiliaji. Kwa hiyo mvuvi anadai kilichokwisha kuahidiwa na sheria. Sitadai kwamba mapato ya uvuvi yatachukua nafasi ya miraa, hayatafika huko. Lakini hata pesa kidogo zinazofika moja kwa moja kwa chama cha watumiaji maji zitawapa wanachama sababu ya kung'oa bomba haramu na kupanda miti ya kiasili ukingoni. Mradi wa maliasili wa Tana ya juu, uliofadhiliwa na IFAD kuanzia mwaka 2012, ulifanya kazi na vyama kama hivyo katika kaunti zetu. Miradi ya wafadhili huisha. Mto unahitaji mapato yake wenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji hapa ni mto pamoja na watu wake. Katiba imezipa kaunti jukumu la utalii wa ndani na masuala ya uvuvi, kwa hiyo mabunge ya Meru na Embu hayana sababu ya kungoja Nairobi. Yapitishe kanuni fupi zenye mambo manne: kila safari ya uvuvi iwe na mwongozaji mwenye leseni anayetoka katika kingo za mto husika, sehemu ya ada itajwe waziwazi na ilipwe kwa chama cha watumiaji maji, idadi ya fimbo kwa kila kipande iwe na ukomo, na mto ufungwe kwa wavuvi pindi maji yanaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. KWS, idara ya uvuvi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ziketi meza moja na vyama hivyo kabla ya hoteli ya kwanza kuchapisha tangazo. Nawe unayepanga kwenda kuvua Kathita au Rupingazi, kabla ya kulipia chumba muulize wakala wako mambo mawili: maji yakoje wiki hii, na mwongozaji ametoka kijiji gani. Akishindwa kujibu, tafuta mwingine.