Riba Huanzia Hazina

Tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria iliyozizuia benki za Kenya kupandisha riba zitakavyo zenyewe. Mkopo haungetozwa zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, ambacho wakati huo kilikuwa asilimia 10.5. Mswada ulikuwa wa Jude Njomo, Mbunge wa Kiambu, na wananchi waliupokea kwa shangwe. Walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa walikuwa wamekamuliwa kwa miaka mingi. Lakini sheria ile haikuwafikishia mikopo nafuu, na kisa chake ndicho tunachofungulia toleo hili kuhusu fedha na uchumi, kwa sababu mafunzo yake bado hatujayazingatia.

Tutazame hesabu ya meneja wa benki baada ya sheria ile. Mbele yake kuna mama mboga asiye na hati ya shamba wala logibuku ya gari. Akimkopesha kwa asilimia 14, itabidi amkague, amfuatilie, na huenda asilipwe. Upande wa pili ipo serikali, inayouza hati fungani za muda mrefu kwa asilimia 12 hadi 13, nayo haihitaji kukaguliwa wala kukumbushwa kulipa. Kwa tofauti ndogo namna hiyo, nani atahangaika na mama mboga? Ukuaji wa mikopo kwa sekta ya kibinafsi, uliozidi asilimia 15 mwaka 2015, ulishuka hadi karibu asilimia 2 mwaka 2017. Kweli, kushuka huko kulikuwa kumeanza kabla ya sheria, baada ya Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank kuanguka moja baada ya nyingine kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016. Sheria ililikuta jeraha bichi, ikalitonesha.

Aliyefungiwa mlango wa benki hakuacha kuhitaji pesa. Alikopa kwa simu. M-Shwari ilikuwa ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na kwa kuwa malipo hayo yaliitwa ada, hayakuhesabiwa kuwa riba. Anayekopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipia asilimia 90. Basi sheria iliyotungwa kumlinda mnyonge ikamnufaisha zaidi mwenye dhamana. Novemba 2019 ikafutwa.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Riba nayo huundwa, na fundi mkuu wake nchini mwetu ni Hazina ya Taifa. Ushahidi wa wazi tuliupata Februari 2024. Shilingi ilikuwa imedhoofika hadi takriban 160 kwa dola, na deni la nje la dola bilioni 2 lilikuwa likingojea kulipwa mwezi Juni. Benki Kuu ikapandisha kiwango chake hadi asilimia 13. Hazina ikauza hati fungani ya miundombinu kwa asilimia 18.46, bila kodi. Ilitafuta shilingi bilioni 70. Wenye pesa wakaleta zaidi ya bilioni 280, nayo ikachukua karibu bilioni 241. Serikali ikishalipa asilimia 18 bila kodi, kiwanda cha ngozi au muuza vipuri wa Kirinyaga Road atakopeshwa kwa ngapi?

Madhara hayakuishia hapo. Serikali hiyo hiyo inayokopa kwa pupa huchelewa kuwalipa wanakandarasi na wauzaji wake, wengine kwa miaka. Mwanakandarasi aliyekopa benki ili ajenge barabara hushindwa kulipa, si kwa uvivu, bali kwa kuwa aliyemtuma kazi hajamlipa. Deni lake linageuka kuwa mkopo chechefu. Mwezi Agosti 2024 mikopo chechefu ilikuwa imefika asilimia 16.7 ya mikopo yote ya benki. Benki iliyoumwa huogopa kukopesha, na ikiogopa hurudi kununua hati za serikali. Hivyo deni la umma linawanyima pumzi wazalishaji, nao wakidhoofika, kodi inapungua na serikali inarudi tena kukopa.

Hatusemi benki hazina lawama. Benki Kuu ilishusha kiwango chake mara tatu kati ya Agosti na Desemba 2024, hadi asilimia 11.25, lakini benki zilijikokota kupunguza riba hata Gavana Kamau Thugge akalazimika kuzihimiza hadharani. Riba hupanda kwa mbio, hushuka kwa kusitasita. Zinapaswa kubanwa ziweke wazi gharama yote ya mkopo, ada zikiwemo, kabla mkopaji hajatia sahihi. Lakini mtu akizibana benki na kuiacha Hazina, atarudia kosa la 2016.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili kabla ya lolote jingine. Kwanza, serikali iwalipe wanaoidai, ikianza na wafanyabiashara wadogo, na itangaze kila robo mwaka imelipa nani na kiasi gani. Pili, wabunge wanapojadili bajeti mwezi Juni wasitazame kodi peke yake; waulize pengo litazibwa kwa mkopo wa nani, na kwa riba gani. Nawe msomaji, utakapomsikia mgombea akiahidi mikopo ya bei nafuu, muulize kwanza serikali yake itakopa kiasi gani. Akikosa jibu, ahadi yake haina thamani.