Mayai Yanasomwa, Mamilioni Hayasomwi

Kila Jumapili, katika sharika zetu nyingi, mzee wa kanisa husimama wakati wa matangazo na kusoma sadaka ya Jumapili iliyopita. Husoma fedha taslimu, ahadi zilizolipwa, na kilichopatikana kwenye mnada nje ya kanisa: trei ya mayai, jogoo, debe la mahindi, lita tano za maziwa. Bibi aliyeleta mayai sita husikia bei yake ikitajwa mbele ya watu wote. Hakuna anayesema kwamba mtunza hazina amevunjiwa heshima.

Lakini fedha zikitoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani kwa ajili ya kisima, kituo cha watoto au kikundi cha wajane, mara nyingi matangazo hunyamaza. Wageni hupokewa, kwaya huimba, mbuzi huchinjwa, picha hupigwa. Kiasi hakitajwi. Hesabu huandikwa kwa Kiingereza, hutumwa kwa barua pepe, na kusomwa na watu wachache walio ng'ambo ya bahari. Nasema wazi: hili ni kosa, na si kosa la uhasibu peke yake. Ni kosa la imani.

Tukumbuke kwanza nani anayefanya kazi. Sehemu kubwa ya miradi hii hubebwa na watu wasio na mshahara. Kuna mama anayeamka alfajiri kupika uji wa watoto wa kituo. Kuna kamati ya maji inayolinda bomba usiku, na vijana wanaochimba mtaro kwa majembe yao wenyewe. Katika maandiko ya miradi jasho lao huitwa "mchango wa jamii". Mawe, mchanga na nguvu kazi hupigiwa hesabu na kuingizwa kwenye bajeti. Basi hawa nao ni wafadhili. Tatizo ni kwamba ni wafadhili pekee wasioletewa taarifa.

Karatu ni mji wa mwisho kabla ya lango la Loduare. Magari ya watalii hupita hapa kila siku, na baadhi ya wageni, wakiguswa na walichokiona, hurudi kwao na kuanzisha mfuko wa kutusaidia. Mungu awabariki. Huko juu ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo hakiruhusiwi na ukame hupunguza mifugo, msaada unaweza kuamua kama mtoto atamaliza shule. Lakini watu wa huko wanajua vizuri maana ya kuamuliwa maisha kwa karatasi. Mwaka 1958 wazee wachache waliweka alama zao kwenye hati ya kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa hifadhi yenye watu ndani yake. Hadi leo kinachobishaniwa ni nini hasa kiliahidiwa siku ile. Je, tuwapelekee upendo wa Kristo kwa mtindo uleule, yaani karatasi wasiyoisoma, lugha wasiyoielewa, na sahihi ya mtu mmoja au wawili?

Mtume Paulo asingekubali. Alipokusanya mchango kutoka makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alikataa kuubeba peke yake. Msomaji afungue Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8. Anatumwa Tito, na pamoja naye ndugu ambaye makanisa yenyewe yalimchagua. Sababu anaitoa Paulo mwenyewe: asipatikane mtu wa kumlaumu kuhusu fedha ile, na mambo yawe sawa mbele za Bwana na pia mbele za wanadamu. Zaidi ya hapo, katika Warumi sura ya 15 anaomba aombewe ili huduma yake ipate kibali kwa watakatifu wa Yerusalemu. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Waliokuwa wakipokea walikuwa na haki ya kuipima zawadi. Mtume aliyewekewa mikono na kanisa aliona anahitaji kukubaliwa na maskini.

Sisi Walutheri tuna ushahidi mwingine nyumbani kwetu. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, huko Saksonia, uliandaa utaratibu wa sanduku la pamoja la kutunza maskini, na Martin Luther akauandikia dibaji. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili kutoka kwa mabwana wenye ardhi, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa wenyeji wa mji na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku lilipangiwa kufuli nne, kila kundi na ufunguo wake. Yaani bila mkulima, sanduku halifunguki! Na mpango ule ulikwama mapema, kwa sababu baraza la mji halikutaka kukabidhi mali lililokuwa likiisimamia. Karne tano zimepita, na bado aliyeshika ufunguo hapendi kutengenezewa wa pili.

Najua majibu tunayopewa tukisema haya. La kwanza: "Tukiulizauliza, wafadhili watakimbia." Mfadhili mwema hakimbizwi na hesabu. Hukimbizwa na ukimya, siku anapogundua kwamba watu aliodhani anawasaidia hawajui hata jina la mradi wao.

La pili: "Kutaja fedha kutaleta maneno." Maneno yapo tayari. Kiasi kisipotajwa, kila mtu hutunga cha kwake, na shilingi milioni nne hufika kilabuni zikiwa arobaini. Wala hatuombi itangazwe siku ya kwenda benki. Tunaomba kisomwe kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu limevaa joho: "Huyu anajitolea, anamtumikia Mungu. Kumdai hesabu ni kumtukana." Kinyume chake! Mwenye mshahara akishukiwa, ana mkataba na ana mwanasheria. Anayejitolea hana ngao yoyote ila daftari lililosomwa mbele ya watu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza kwamba jina la mtunza mali hupotea pamoja nayo, na jina halina mfadhili wa kulinunua upya.

Sheria ya nchi nayo imetutangulia, jambo la aibu kwa kanisa. Serikali ya kijiji inatakiwa kuusomea mkutano mkuu wa kijiji mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yasiyo ya kiserikali kutangaza hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20, hata magazetini. Lakini gazeti haliwafikii wengi kule Kakesio wala Nainokanoka. Mti ambao watu hukutana chini yake upo kila kijiji.

Sasa niwageukie ndugu zetu wa ng'ambo, maana uwajibikaji wa upande mmoja si uwajibikaji, ni usimamizi wa bwana kwa mtumwa. Mnatudai risiti ya mashine kwa safari ya bodaboda, na kwa kuni zilizonunuliwa kwa mama wa barabarani. Mama huyo hana mashine. Basi anayejitolea analazimika kuchagua kati ya kulipa mwenyewe na kutafuta risiti ya kubuni dukani. Utaratibu unaomfundisha mtu mwaminifu kusema uongo haulindi fedha ya Mungu. Kubalini karatasi yenye sahihi za watu watatu, iliyosomwa mbele ya kikundi. Majirani ni wakaguzi wakali kuliko mashine.

Nanyi pia tupeni hesabu. Mmetumia picha za watoto wetu kuomba. Zilikusanywa kiasi gani? Zilibaki kwenu kiasi gani, kwa mishahara, kwa tiketi za ndege, kwa hoteli? Mama wa mtoto yule pichani aliulizwa? Haya si maswali ya utovu wa shukrani. Ni maswali ya ndugu, na ndugu wasioweza kuulizana fedha undugu wao ni wa picha tu.

Wengine huko kwenu, na wengine hapa kwetu, bado huamini kwamba Mwafrika asiposimamiwa hawezi. Historia ya kanisa la kaskazini inawakatalia. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig walipoondolewa na Waingereza, mali na sharika za Kilimanjaro na Meru hazikufa. Walimu na wazee wenyeji waliendelea kufundisha, kubeba mizigo na kukusanya sadaka, na waliaminiwa kwa sababu walionekana, kila wiki, na watu waliowajua.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili mpya. Kila msaada unaoingia usharikani au kwenye kikundi utajwe kwa shilingi, kwa Kiswahili, na pale inapobidi kwa Kimaasai, Kiiraqw au Kidatoga, kabla taarifa haijavuka bahari. Kila akaunti ya mradi iwe na angalau mtia sahihi mmoja aliyechaguliwa na wanaojitolea wenyewe, si na mchungaji. Na makubaliano na kila mfuko wa nje yawe na kifungu kinachoutaka mfuko huo kuwaletea walengwa hesabu yake wa mwaka.

Wachungaji wenzangu, tukikataa haya, tusishangae siku waumini watakapoanza kuficha mayai yao. Watakuwa wamejifunza kwetu.