Kitandani pa Mgonjwa Mahututi Sisi Tuko Wapi?

Muulizeni muuguzi yeyote aliyekesha na wagonjwa mahututi, naye atawasimulia: mgonjwa ameinua mikono kuelekea ukutani, amemwita mamaye aliyefariki zamani, kisha uso umekunjuka. Wengi huyanyamazia mambo hayo wakichelea kuchekwa.

Hata hivyo yamekwisha kuchunguzwa. Huko Buffalo, Marekani, Dkt. Christopher Kerr na wenzake waliwahoji wagonjwa 59 wa hospisi, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba asilimia 88 walieleza kuona ndoto au maono angalau mara moja. Kadiri mauti yalivyokaribia ndivyo waliofariki zamani walivyozidi kuonekana, na maono ya hao ndiyo yaliyoliwaza zaidi. Kabla yao, mwaka 1992, wauguzi wawili wa Marekani, Maggie Callanan na Patricia Kelley, waliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, wakieleza kwamba anayefariki mara nyingi hunena habari za safari, na jamaa hudhani anapayuka.

Miongoni mwetu wapo wanaokimbilia kusema, "Ana mashetani," akaitwa mganga na kombe. Wengine huyatangaza maono ya marehemu kana kwamba ni hati ya Pepo. Yote mawili twayakataa. Wasio Waislamu nao huwaona mama zao. Basi maono hayo si kipimo cha dini ya mtu. Katika sura Al-Waaqia, aya ya 83 hadi 85, tumefundishwa kwamba roho ifikapo kooni waliohudhuria hutazama tu, na Mwenyezi Mungu yu karibu zaidi na mtu huyo kuliko wao, ila hawaoni. Muuguzi naye ni katika hao watazamao. Alijualo ni uso ule na neno lililotoka kinywani. Zaidi ya hapo ni ghaibu.

Linalotusumbua zaidi ni jingine. Mtume (s.a.w.) ameagiza anayefariki akumbushwe shahada, na maulamaa, akiwemo Imam Nawawi, wakasisitiza upole, asikaririwe hadi akachoka. Kazi hiyo leo twamwachia muuguzi, ambaye huenda si Mwislamu, ana wodi nzima ya kuhudumia, na saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Makaburini tu wengi, jeneza hugombewa. Kitandani hatupo.

Misikiti iliyo jirani na hospitali na iombe ruhusa kwa uongozi wake, ipange zamu: mtu mmoja kwa usiku, mtulivu wa tabia. (Wenye kupenda kuhutubu wabaki msikitini.) Akimkuta mgonjwa anazungumza na mamaye, asimkatize wala asimwambie kwamba mama hayupo. Amsikilize, amloweshe midomo kama muuguzi ameridhia, kisha amtajie shahada kwa sauti ya chini. Mgonjwa akiitamka, anyamaze. Na alfajiri, kabla ya kuondoka, amshukuru muuguzi; naye akitaka kusimulia aliyoyaona, akae amsikilize.