Wakala wa ardhi aseme anachokijua

Mnamo Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi ambao kila wakala wa nyumba na ardhi alipaswa kuusoma usiku ule ule. Kesi ilikuwa kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na kilichogombaniwa ni kiwanja cha ufuoni, Nyali. Kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, kikauzwa, kisha kikauzwa tena hadi kikafika mikononi mwa kampuni hiyo. Hatimiliki ilikuwapo. Ukuta ulikuwa umejengwa. Mwaka 2017 kaunti ikaubomoa ili kufungua njia ya umma ya kuteremkia baharini, na majaji hatimaye wakaipa ushindi. Walisema hatimiliki ni tamati ya safari. Ikiwa safari yenyewe ilianza kwa kukiuka sheria, karatasi haiwezi kuisafisha, hata ardhi ipite mikono mingapi.

Uamuzi huo una uzito mkubwa kwa mwananchi. Zamani aliyelipa bei halali bila kujua hila iliyotangulia aliweza kutumaini kwamba mahakama itamkinga. Kinga hiyo sasa imepungua mno. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na kutojua hakumpi mnunuzi haki ambayo aliyemuuzia hakuwa nayo. Anayetaka shamba leo hana budi kuuliza asili yake: nani alipewa kwanza, kwa idhini ya nani, na kabla ya hapo lilikuwa limetengewa kazi gani.

Nani wa kumjibu? Msajili wa ardhi atampa kilichoandikwa kwenye daftari. Wakili atasoma hati zilizoletwa mezani kwake. Mpima ardhi atamwonyesha vigingi. Lakini wakala ndiye anayeshinda mtaani. Ndiye ajuaye kwamba pale palikuwa uwanja wa shule, kwamba wale ndugu watatu bado wanashtakiana juu ya urithi wa baba yao, kwamba mke wa muuzaji hajaambiwa lolote, kwamba masika huligeuza bonde lile ziwa. Msimamo wetu ni huu: wakala anayejua kasoro akanyamaza ili mauzo yasivunjike ni mshirika wa wizi, na astahili kuhesabiwa hivyo.

Pwani tunalijua jambo hili vizuri mno. Mombasa kuna mitaa ambayo mtu humiliki nyumba huku ardhi iliyo chini yake ikiwa ya mwingine, naye mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi. Ni utaratibu wa miaka mingi na wenyeji wanauelewa. Mgeni hauelewi. Binti anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, mwenye akiba ya miaka minne anayotaka imnunulie mama yake makao Kisauni, huambiwa kwamba nyumba inauzwa, akatumiwa picha za sebule na vigae vinavyong'aa. Neno moja tu, kwamba ardhi haimo katika bei ile, lingemfanya asite. Ndiyo maana halisemwi. Hulijua siku mwenye ardhi anapobisha hodi kudai kodi yake, na wakati huo aliyempigia simu kila jioni hashiki tena simu.

Huko Mavoko, Kaunti ya Machakos, matingatinga yaliangusha nyumba za mawe mnamo Oktoba 2023, kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi waliokuwa wakilia kando ya vifusi walisema walinunua, walilipa na walipewa karatasi. Ardhi haijiuzi yenyewe. Yuko mtu aliyewapeleka pale, akawaonyesha mpaka kwa kidole, akapokea chake na kwenda kumtafuta mwingine. Serikali ililaumiwa, wanasiasa walilaumiwa, wanunuzi wenyewe waliambiwa ni wapumbavu. Yule wa katikati ndiye tunayemtaja leo.

Kuna dhambi ndogo zaidi ambazo zimezoeleka hadi watu wameacha kuziona. Mwenye ploti anataka shilingi milioni 2.5, mnunuzi anaambiwa milioni 3, na hicho cha juu kinaishia mfukoni mwa wakala, ambaye bado atadai kamisheni kwa muuzaji. Mpangaji anatozwa ada ya kuonyeshwa chumba kilichokwisha kupangishwa. Amana ya nyumba moja inapokewa kwa watu watano. Anayefanya haya kwa nyumba ya kupanga leo atayafanya kwa shamba la ekari kumi kesho.

Si kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, ilipitishwa mwaka 1984. Iliunda Bodi ya Usajili na ikapiga marufuku kazi hii kwa mtu asiyesajiliwa. Miaka arobaini baadaye, tembea barabara yoyote kutoka Mtwapa hadi Kilifi uhesabu mabango yaliyopigiliwa misumari kwenye miti: ploti zinauzwa, nambari ya simu, basi. Hakuna jina la kampuni wala nambari ya usajili. Bodi inayapita mabango hayo kama sisi tunavyoyapita. Tunaitaka ianze nayo: ipige nambari hizo, iwaite wenyewe, iwafikishe mahakamani wasiosajiliwa, na itangaze majina ya waliofutwa kwa sauti ile ile inayotumia kutangaza waliosajiliwa. Kikao cha nidhamu kinachofanyika kimyakimya hakimlindi mnunuzi yeyote.

Mawakala waliosajiliwa nao wasijifiche nyuma ya vyeti vyao. Wengi hulalamika kwamba mabroka wameharibu jina la kazi, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini baadhi yao ndio wanaowatuma mabroka hao hao mitaani na kugawana nao kamisheni. Mwenye cheti abebe dhamana ya kila neno linalosemwa kwa jina lake. Aandike mapatano na mteja kabla ya kutoka afisini, yakionyesha anamtumikia nani, atalipwa kiasi gani na nani atakayemlipa. Asipokee senti ya pande mbili bila pande zote mbili kujua. Pesa za mteja zikae katika akaunti ya peke yake, zisiguswe kulipia karo wala mafuta ya gari. Na akikuta doa katika historia ya ardhi, alitaje kwa maandishi hata kama mauzo yatakufa. Kazi inayolipwa kwa asilimia ya bei ina kishawishi ndani yake, na asiyeweza kukishinda atafute kazi nyingine.

Kwako msomaji unayejiandaa kununua: usimchague wakala kwa upole wa maneno yake, wala kwa kuwa ni mtu wa kwenu au mnasali pamoja. Jina lake litafute katika orodha ya Bodi. Muulize maswali ambayo majibu yake yanaweza kumkosesha kamisheni, uone kama atajibu. Wakili wako mtafute wewe mwenyewe, usiletewe, na rekodi za ardhi zikaguliwe kwenye masjala kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza. Na siku atakapokuja kukuchukua kwenda kuonyeshwa ploti, mwombe kwanza nambari yake ya usajili. Akikataa kuitoa, usipande gari lake.