Mimi Niko Upande wa Mwalimu Majisifu

Kama ulifanya KCSE kati ya 2013 na 2017, Amani unamjua. Ulimkariri. Amani wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, ni mvumilivu, mwenye bidii, mwenye huruma, mwenye kusamehe. Darasani kwetu mwalimu alipiga mstari katikati ya ubao, upande huu sifa, upande ule ushahidi, nasi tukanakili. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza: mwalimu, kwani huyu mtu hana ubaya wowote?

Nimechelewa, lakini wacha niulize sasa.

Hebu tazama anayotendewa. Mswada wake unaibwa na kuchapishwa kwa jina la mtu mwingine. Anaachiwa mtoto mchanga asiye wake, anamlea. Mtemi Nasaba Bora anamjeruhi vibaya kwa wivu, akidhani anatembea na mkewe. Na Amani anasamehe. Anasamehe huyu, anasamehe na yule. Mimi makanga akininyima chenji ya shilingi ishirini, nalala nikimlaani.

Upande wa pili yuko Mwalimu Majisifu, mlevi, mwizi wa mswada. Jina lenyewe limeshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Shuleni tuliambiwa hiyo ni mbinu, inaitwa majazi. Amani, Imani na Madhubuti wakae kulia, Majisifu akae kushoto. Mtihani uko tayari, na kusahihisha ni rahisi. Lakini ni nani kati yetu aliwahi kuishi upande mmoja wa ubao?

Niliacha chuo mwaka wa pili. Watu wakiniuliza nasema karo, na wananihurumia. Ukweli ni kwamba mama aliuza ng'ombe akanitumia karo ya muhula, nami nikaibeti. Yote, kwa wikendi mbili. Kisha kwa mwaka mzima nikamwacha aamini kwamba bado nasoma. Desemba hiyo alinisimamisha kanisani, akasema huyu ndiye mtoto wangu wa chuo kikuu. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikitabasamu, jasho likinitoka mgongoni.

Katika vitabu vyote nilivyosomeshwa, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kusimama pale. Si Amani. Amani alikuwa na jambo moja tu la kuniambia, kwamba mimi si Amani. Aliyejua uzito wa kusifiwa kwa kitu ambacho si chako ni Majisifu.

Na ucheke kidogo: siku hizi nakula kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Natuma, nalipwa kwa ukurasa, wanaweka majina yao. Yaani mimi ni Amani aliyeuza mswada wake mwenyewe, na mteja wangu ni Majisifu mwenye risiti. Niambieni basi nikae upande gani wa ubao.

Najua mtakavyojibu. Fasihi ni kioo cha jamii, fasihi hufunza. Sawa. Lakini kioo kisichoonyesha chunusi si kioo, hiyo ni picha iliyotiwa filta. Mtasema pia kwamba vijana wataiga mabaya. Hofu hiyo ni ya zamani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Kosa lake ni nini? Kumwonyesha msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba, kisha akapata uhuru asiojua kuutumia. Ati wasichana wasisome hayo. Kana kwamba walikuwa hawayaoni nyumbani.

Tena hata Kezilahabi, aliyethubutu kuliko wengi, hakumwacha Rosa aishi. Kazimoto wa Kichwamaji naye anakufa. Nasaba Bora anakufa. Angalia mtindo: kwetu mhusika ana njia mbili, awe malaika au achimbiwe kaburi kabla ya ukurasa wa mwisho. Sasa sisi tulioharibu mambo Ijumaa na tukaamka Jumatatu tukiwa hai, na deni likiwa palepale, tusome nini?

Ndiyo maana namshukuru Walibora kwa Majisifu, maana huyu hakumzika. Majisifu anakiri wizi wake na anabaki hai. Hilo ndilo jambo gumu zaidi linalofanywa na mtu yeyote katika riwaya ile. Kusamehe ukiwa Amani si kazi, umeumbwa hivyo. Kukiri ukiwa Majisifu, baada ya sifa zote zile, ni kujichuna ngozi. Lakini madaftari yetu yalisemaje? Mlevi. Mwizi. Mwenye majivuno. Mwenye ujasiri wa kukiri? Sikumbuki kuandika hilo, na sikumbuki kuambiwa niliandike.

Waandishi wetu, na wale mnaochagua vitabu vya shule, siombi wahusika waovu. Wapo tele. Naomba mtu mzuri aliyefanya jambo baya, na asife. Mwacheni alipe kidogo kidogo. Mwacheni ashindwe tena. Na wanaomzunguka msiwape msamaha wa haraka, wa kufungia kitabu.

Mama nilimwambia, mwishowe. Kwa simu, maana sikuweza kumtazama. Alikata. Wiki mbili hakupokea simu yangu. Kisha jioni moja akapiga yeye, akauliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema bado hajanisamehe, nisijidanganye, na kwamba ng'ombe yule alikuwa na mimba. Kila Jumapili hunipigia, na bado hajanisamehe.

Mtu kama huyo sijamsoma bado.